Njia ya Shinkolobwe Isiyoishia Hiroshima

Ukitaja Shinkolobwe mbele ya mtu wa Likasi, mazungumzo hayakawii kufika Hiroshima. Ni haki yake. Urani iliyochimbwa kilomita 20 hivi magharibi mwa mji huo ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya ile waliyoitumia Wamarekani kutengeneza mabomu yao ya kwanza. Lakini madini hayo yana njia ya pili, ndefu na yenye kona nyingi, inayopita hospitalini. Mwisho wake ni chumba chenye sumaku kubwa, ambamo mgonjwa wa multipo sklerosisi hulazwa chali ili daktari auone ubongo wake na kujua kama dawa anayotumia inafanya kazi.

Kuna kishawishi cha kuifupisha njia hiyo na kudai kwamba mashine ya MRI ni mtoto wa Shinkolobwe. Si mtoto wake. MRI haitumii urani wala mionzi ya aina yake. Udugu uliopo ni wa mbali, wa kupitia watu, mawazo na hofu, na anayetaka kuufuatilia inambidi aanze na radiamu.

Mwaka 1915 Mwingereza aitwaye Robert Rich Sharp, mtafuta madini wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, aliona mawe yenye rangi kali za manjano na kijani mahali hapo. Kampuni ilikuwa imeundwa mwaka 1906 kwa ajili ya shaba, na mji wa Likasi wenyewe, ambao Wabelgiji waliuita Jadotville, ulikua kwa sababu ya shaba. Mawe ya Sharp hayakuwa shaba. Vita ya kwanza ya dunia ilipokwisha, uchimbaji ulianza, na madini yakawa yanasafirishwa kwa reli na meli hadi Ubelgiji, kwenye kiwanda cha Olen karibu na Antwerp. Gramu ya kwanza ya radiamu kutoka Olen ilipatikana Desemba 1922.

Ili kuelewa ghasia iliyofuata, lazima ujue kwamba wakati huo urani yenyewe ilikuwa karibu takataka, yenye kazi ya kutia rangi kwenye vioo na vyombo vya udongo. Kilichotafutwa ni radiamu iliyojificha ndani yake kwa kiasi kidogo mno. Wamarekani walikuwa wakiichenjua kutoka mawe hafifu ya Colorado, ambapo mwamba wenye asilimia mbili za urani ulihesabiwa kuwa mzuri. Mawe bora ya Shinkolobwe yalifika asilimia 65. Viwanda vya radiamu vya Marekani havikuweza kushindana, vikafungwa kimoja baada ya kingine. Hesabu ya Marie Curie inaonyesha jambo hilo vizuri kuliko takwimu za biashara: mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100,000 kumnunulia gramu moja, lakini mwaka 1929, alipopewa pesa za gramu ya pili kwa ajili ya taasisi ya Warsaw, dola 50,000 zilitosha, na radiamu hiyo ilinunuliwa Ubelgiji. Yaani ilitoka Katanga.

Mtaalamu wa madini wa Ghent, Alfred Schoep, aliyapokea mawe hayo na kuyapa majina mapya moja baada ya jingine: kuraiti na sklodowskaiti kwa heshima ya familia ya Curie, bekerelaiti kwa Becquerel. Mojawapo likaitwa kasolaiti, kutokana na Kasolo, jina jingine la mgodi huo. Majina ya waliochimba na kuyachambua mawe hayo kwa mikono hayakuingia kwenye orodha.

Radiamu ya Katanga iliingia mwilini mwa wagonjwa kwa namna ya sindano na mirija midogo iliyowekwa karibu na uvimbe, hasa katika saratani ya mlango wa kizazi. Iliwaponya baadhi na kuwaunguza wengine. Kwa mwenye ugonjwa wa multipo sklerosisi, ambao kwa kifupi huitwa MS, haikuwa na maana yoyote.

MS si saratani, wala si ugonjwa unaoletwa na mionzi. Ni kinga ya mwili inayoigeukia mishipa ya fahamu ya mwenyewe. Nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo zimefunikwa na utando wa mafuta uitwao mayelini, kama mpira unavyofunika waya wa shaba. Askari wa kinga huupasua utando huo mahali pamoja, kisha pengine, na kuacha mabaka magumu. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke kijana, anaweza kuamka jicho moja likiona ukungu. Wiki kadhaa baadaye linapona. Mwaka unapita, kisha mguu unakufa ganzi. Unapona nusu. Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, aliueleza ugonjwa huu kwa utaratibu mwaka 1868, akiyalinganisha mateso ya wagonjwa wake na mabaka aliyoyaona walipopasuliwa baada ya kufa. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada yake, hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya uhakika ya kuyaona mabaka hayo: kusubiri mtu afe.

Eksirei haikusaidia. Inaona mfupa, na ubongo ni laini, umefungiwa ndani ya mfupa. Madaktari walijaribu kuzunguka kikwazo hicho kwa ujasiri unaotisha. Walter Dandy wa Baltimore, kuanzia mwaka 1918, alipuliza hewa ndani ya vyumba vya maji vya ubongo ili viandike kivuli kwenye picha. Egas Moniz wa Lisbon, mwaka 1927, alichoma kemikali kwenye mshipa wa damu wa shingo ili matawi yake yaonekane. Uvimbe mkubwa unaosukuma vitu ungeweza kugundulika. Baka la MS halisukumi kitu, kwa hiyo halikuonekana.

Shinkolobwe ilifungwa mwaka 1937, maghala ya radiamu yakiwa yamejaa, na mashimo yakaachwa yajae maji. Kilichotokea baadaye kimesimuliwa sana, nami nitakipita haraka. Agosti 1939 barua yenye saini ya Albert Einstein ilimwonya Rais Roosevelt kwamba chanzo muhimu zaidi cha urani kiko Kongo ya Ubelgiji. Mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa ameshaonywa na wanasayansi wa Uingereza na Ufaransa. Mwaka 1940 akaamuru zaidi ya tani 1,000 za madini zipelekwe New York, zikahifadhiwa kisiwani Staten Island. Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols alikwenda ofisini kwake kuzinunua. Wahandisi wa jeshi la Marekani wakasaidia kuyatoa maji mgodini, na watu wa Katanga wakarudi kuchimba bila kuambiwa ni kwa ajili ya nini. Mwaka 1946 Sengier alipewa nishani ya Marekani.

Novemba 1943, kinu cha nyuklia kilichojengwa Oak Ridge, Tennessee, kiliwaka. Urani iliyotumika katika mradi wa bomu ilikuwa imechanganyikana viwandani, ya Kongo, ya Canada na ya Colorado, na jiwe la Kasolo lilikuwa limepoteza ukoo wake. Lakini bila Kongo mradi mzima ungechechemea. Kazi ya kwanza ya kinu hicho ilikuwa ya vita. Vita ilipokwisha kikageuzwa kuwa duka la isotopu. Agosti 2, 1946, kifurushi cha kwanza cha kaboni-14 kilitolewa kwa hospitali ya saratani ya St. Louis. Baadaye ikaja iodini-131 kwa wingi, na hapa ndipo njia yetu inaingia ndani ya fuvu.

Mwaka 1948 daktari wa upasuaji George Moore, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliwachoma wagonjwa sindano ya rangi iliyofungwa pamoja na iodini yenye mionzi, kisha akapitisha kifaa cha kuhesabu mionzi juu ya kichwa. Mahali penye uvimbe palihesabu zaidi. Siri yake haikuwa uvimbe wenyewe. Ubongo una kizuizi kati yake na damu. Kuta za mishipa yake midogo zimebana mno, vitu vingi vinavyozunguka katika damu haviruhusiwi kupita. Uvimbe ukiharibu kizuizi hicho, rangi inavuja. Moore alikuwa anapima uvujaji.

Katika miaka ya 1960 iodini iliachia nafasi teknetiamu, isotopu isiyoumiza sana na inayopotea kwa saa chache, na kamera iliyobuniwa na Hal Anger wa California ikaondoa ulazima wa kupitisha kifaa kichwani hatua kwa hatua. Uchunguzi wa ubongo kwa isotopu ukawa jambo la kawaida katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani. Mara mojamoja mgonjwa wa MS aliyekuwa katikati ya shambulio alionyesha doa: mahali ambapo kinga ilikuwa inabomoa mayelini, kizuizi kilikuwa kinavuja. Picha ilikuwa ya ukungu, haikuaminika, na wiki chache baadaye doa lilikuwa limetoweka. Hata hivyo wazo lilikuwa limefika. Baka jipya linavuja na la zamani halivuji. Anayeweza kuona uvujaji anaweza kujua kama ugonjwa unawaka sasa hivi au umelala, na hilo ndilo swali ambalo kila dawa ya MS ingelazimika kulijibu.

Sumaku ilitoka katika ukoo mwingine. Mwaka 1938 Isidor Rabi wa Chuo Kikuu cha Columbia alionyesha kwamba viini vya atomu vikiwa ndani ya uga wa sumaku huitikia mawimbi ya redio ya mdundo maalumu. Mmoja wa wanafunzi wake katika kazi hizo alikuwa Norman Ramsey. Mwaka 1945 Ramsey huyohuyo alikuwa kisiwani Tinian, katika Pasifiki, akisimamia kikundi cha wanasayansi walioliunganisha bomu la urani kabla halijapakiwa ndegeni kwenda Hiroshima. Mwanafizikia mwingine, Felix Bloch, alipita kwa muda Los Alamos, kwenye maabara ya bomu, kisha akahamia kwenye rada. Edward Purcell alikuwa kwenye rada wakati wote. Mara tu baada ya vita, Bloch na Purcell, kila mmoja mahali pake, waligundua namna ya kuusikia mwitikio ule katika maji na nta za kawaida, wakapewa Nobeli mwaka 1952. Yaani waliosoma lugha ya viini kwa ajili ya bomu na rada ndio waliotupa pia njia ya kuusikiliza ubongo. Sioni haja ya kulipamba jambo hilo. Fizikia ya miaka ile ilikuwa na watu wachache, na vita iliwachukua karibu wote.

Mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji yana viini vya haidrojeni. Mwaka 1973 Paul Lauterbur alionyesha kwamba ukiufanya uga wa sumaku uwe na nguvu tofauti kutoka upande mmoja hadi mwingine, unaweza kujua mwitikio umetoka wapi, na hapo una picha. Peter Mansfield wa Nottingham akaiharakisha hesabu yake. Wakati huohuo kipimo cha CT, cha Godfrey Hounsfield, kilikuwa kimeshaanza kazi London tangu mwaka 1971, na kwa mara ya kwanza ubongo wa mtu aliye hai ulionekana vipande vipande. Kwa MS, CT iliona kidogo tu.

Novemba 1981 jarida la Lancet lilichapisha ripoti fupi ya kundi la hospitali ya Hammersmith, London, likiongozwa na Ian Young pamoja na Graeme Bydder na wenzao. Walikuwa wamewapima wagonjwa 10 wa MS kwa CT na kwa mashine yao mpya ya sumaku. CT ilionyesha mabaka 19. Sumaku iliyaonyesha hayo, na mengine 112. Kwa miaka 113 tangu Charcot, madaktari walikuwa wakihesabu mashambulio ya ugonjwa huu kwa kumwuliza mgonjwa amehisi nini. Sasa ilidhihirika kwamba kwa kila shambulio alilolihisi, mengine mengi yalikuwa yamepita kimya.

Njia ile ilikuwa ikiitwa picha ya mwangwi wa sumaku wa nyuklia. Katika miaka ya 1980, hospitali zilianza kuliacha neno nyuklia, kwa sababu, miongoni mwa mambo mengine, wagonjwa walilihusisha na mionzi na mabomu. Hofu iliyozaliwa na madini ya Katanga ikabadilisha jina la mashine isiyo na chembe ya mionzi. Rabi, ambaye alikuwa mshauri Los Alamos, aliishi kiasi cha kutosha kuingizwa yeye mwenyewe ndani ya mashine hiyo katika ugonjwa wake wa mwisho; alifariki Januari 1988.

Kisha wazo la Moore likarudi, safari hii bila mionzi. Gadoliniamu ni metali inayovuruga mwitikio wa maji yaliyo karibu nayo ndani ya sumaku. Ikifungwa vizuri ndani ya kemikali na kuchomwa mkononi, hubaki katika damu, isipokuwa palipo na mvujo. Mwaka 1986 Robert Grossman na wenzake wa Pennsylvania walionyesha kwamba mabaka mapya ya MS hung'aa baada ya sindano hiyo, kisha, baada ya wiki chache, huacha kung'aa. Teknetiamu iliona ukungu. Gadoliniamu iliona duara la ukubwa wa mbegu.

Hapo ndipo upimaji wa dawa ulipobadilika. Dawa ya interferoni beta ilijaribiwa Marekani na Canada kwa wagonjwa 372, wengine wakipewa sindano isiyo na dawa. Mashambulio yalipungua kwa theluthi hivi kwa waliopata dozi kubwa, lakini mashambulio ni ya kusimuliwa, na wadhibiti wa dawa wana shaka na masimulizi. Ushahidi uliowashawishi ulitoka Vancouver, ambako Donald Paty na David Li walizisoma picha za MRI bila kujua nani amepewa nini. Kwa waliopata sindano tupu, eneo lote la mabaka liliongezeka mwaka hadi mwaka. Kwa waliopata dozi kubwa, halikuongezeka. Wagonjwa 52 wa Vancouver walipigwa picha kila baada ya wiki sita kwa miaka miwili, wakalala ndani ya bomba lile lenye kelele kwa subira ambayo historia ya sayansi haijaitaja vya kutosha. Julai 1993 dawa iliidhinishwa. Mwaka 2001 kamati ya Ian McDonald iliruhusu picha kuchukua nafasi ya shambulio la pili katika kuthibitisha ugonjwa: baka jipya kwenye picha ya baadaye lilitosha.

Picha hizo zina ujeuri wao. Mtu mwenye mabaka mengi anaweza kutembea hadi sokoni, na mwenye machache akawa kwenye kiti cha magurudumu, kwa sababu baka dogo katika uti wa mgongo hudhuru kuliko kubwa lililo mahali patulivu pa ubongo, na kwa sababu MRI ya kawaida haioni uharibifu wote. Daktari anayetibu picha badala ya mgonjwa hufanya makosa, na vitabu vya fani hiyo vinakiri.

Kuhusu chanzo cha ugonjwa, mwaka 2022 uchunguzi uliotumia kumbukumbu za damu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 uliwaonyesha watafiti kwamba karibu hakuna anayepata MS kabla ya kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Virusi hivyo viligunduliwa London mwaka 1964 ndani ya vipande vya uvimbe vilivyotumwa kwa ndege kutoka Kampala, ambako Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago alikuwa amewaona watoto wenye uvimbe wa taya. Katanga haikuwa peke yake katika kutuma vitu vilivyofumbua macho ya wengine.

Shinkolobwe yenyewe ilifungwa tena mwaka wa uhuru wa Kongo, 1960, na visima vyake vikazibwa kwa zege. Mwaka mmoja kabla, Juni 1959, kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kilikuwa kimewaka Léopoldville, kwa juhudi za Monsinyori Luc Gillon, mkuu wa Chuo Kikuu cha Lovanium. Kilifuatwa na kikubwa zaidi, kilichozimwa mwaka 2004. Mwaka huohuo, Januari, Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji Shinkolobwe, ambako maelfu ya wachimbaji wadogo, creuseurs, walikuwa wamejaa wakitafuta kobalti. Waliendelea. Julai shimo liliporomoka na kuua watu wanane. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipofika mwishoni mwa mwaka, walikuta mashimo yasiyo na nguzo, na kijiji kilichobomolewa.

Mtu wa Likasi mwenye jicho lililofifia na mguu unaokufa ganzi huanza safari kwa kutafuta daktari wa mishipa ya fahamu, kilomita 120 hadi Lubumbashi au mbali zaidi, na MRI ni gharama nyingine juu ya safari. Inaaminika kwamba MS ni adimu karibu na ikweta. Huenda ni kweli. Ila ugonjwa ambao hutambuliwa kwa mashine utaonekana adimu daima mahali pasipo na mashine.

Mashine za kawaida zinahitaji heliamu ya kimiminika, umeme usiokatika na mafundi wa mbali. Mwaka 2022 Johnes Obungoloch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, pamoja na wataalamu wa Leiden na Pennsylvania, waliiunganisha MRI papo hapo Mbarara, kwa muda usiozidi wiki mbili, kwa kupanga sumaku ndogo za kudumu zisizohitaji heliamu. Nguvu yake ni takribani sehemu moja kati ya thelathini ya mashine ya kawaida ya hospitali. Ilikusudiwa watoto wenye maji kichwani. Mwaka huo, watafiti wa Marekani waliojaribu mashine nyingine ya nguvu ndogo waliona mabaka ya MS kwa wagonjwa 31 kati ya 33 waliokuwa nayo kwenye mashine kubwa. Waliyoyakosa ni madogo.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa muhimu. Moja ni rituksimabu, ambayo tayari ilikuwamo kwa ajili ya saratani ya matezi, kwa hiyo baadhi ya hospitali zinaijua. Anayeanza kuitumia anahitaji picha miezi michache baadaye, ili iwe msingi wa kulinganishia picha zote zitakazofuata, na inafaa zote zipigwe kwa mashine moja, kwa mpangilio uleule, la sivyo msomaji hawezi kujua kama baka jipya limetoka kwenye ubongo au kwenye tofauti ya mashine.